Maji ya ziwa, ya mvua au ya kufulia: mwongozo wa kumwagilia bustani Goma

"Mama, lengalenga (mchicha) yangu inageuka njano. Nitie mbolea gani?"

Kila kiangazi swali ni lile lile, na jibu langu huanza kwa kuuliza pia: unamwagilia maji gani? Wengi hushangaa, kwa sababu tumezoea kuamini kwamba maji ni maji mradi hayanuki. Kwa Goma si hivyo. Majirani wawili wanaweza kununua mbegu duka moja Birere, mtaa wa biashara, wakashushiwa udongo na lori moja, halafu mmoja akavuna vizuri huku mwingine akihangaika na majani yaliyoungua ncha. Tofauti yao ni kwamba mmoja anachotewa ziwani na mwingine ana pipa chini ya mabati.

Mwongozo huu ni wa anayeanza: mwenye magunia machache ya mboga, ndoo za pilipili barazani, au kipande cha udongo kilichomwagwa juu ya mawe ya volkano. Nadharia nitaipitia haraka.

Tabia za maji yetu

Maji ya Ziwa Kivu yana magadi, yaani kinyume cha asidi. pH yake (kipimo cha asidi na magadi, 7 ikiwa katikati) juu ya ziwa ni karibu 9, na kila lita inabeba karibu gramu 1 ya madini yaliyoyeyuka: magnesiamu, sodiamu na potasiamu kwa wingi, kalsiamu kidogo sana. Bomba la REGIDESO, kampuni ya maji ya serikali, hapa mjini linavuta maji ziwani. Kwa hiyo anayesema "mimi situmii maji ya ziwa, natumia ya robine (bomba)" anatumia maji yale yale, ila yametiwa klorini.

Maji ya mvua ni kinyume chake. Hayana chumvi, lakini volkano zetu, Nyiragongo na Nyamulagira, hutoa moshi wenye gesi za salfa, klorini na florini, na mvua ikipita ndani ya moshi huo inashuka ikiwa na asidi. Upepo wetu mara nyingi hutoka mashariki kwenda magharibi, ndiyo maana watu wa Rusayo, Mugunga na Sake hupata mvua yenye asidi kali kuliko walio upande wa mashariki, kwenye mpaka wa Rwanda.

Maji ya kufulia yanategemea sabuni. Nyingi zina sodiamu, na sabuni ya unga inaongeza magadi juu ya magadi ambayo ziwa limeshaleta.

Jambo zuri ni hili: magadi ya ziwa na asidi ya mvua vinauana. Ukilishika hilo, nusu ya kazi imekwisha.

Andaa kwanza

- Bidoni (madumu) tatu za lita 20, moja uitie alama ya rangi iwe ya mvua tu. Za njano zilizokuja na mafuta ya kula zinafaa zikioshwa. Iliyowahi kubeba mazuti (dizeli) au petroli usiiguse, hata kama haina harufu tena.
- Ndoo pana au karai lisilo na mfuniko.
- Kopo lililotobolewa matundu chini.
- Kitambaa cha pamba cha kuchujia. Kitenge kilichochakaa kinatosha.
- Sahani nyeusi au kipande cha kioo.
- Robo ya kabichi nyekundu na chupa moja ya maji ya kunywa ya dukani.
- Mboji au samadi iliyooza vizuri.

Hatua kwa hatua

1. Uliza maji yametoka wapi.
Kama unanunua, muulize kijana wa chukudu (baiskeli ya mbao ya mizigo) au wa pikipiki alichota wapi: robine, ufukweni, au mahali wanapotia klorini kwenye bidoni? Usione haya kuuliza. Bidoni mbili zinazofanana mlangoni zinaweza kuwa na maji ya namna mbili, na bustani inayopewa hili leo na lile kesho inakuwa ngumu kuielewa.

2. Pima kwa macho.
Weka kijiko kimoja cha maji ya ziwa kwenye sahani nyeusi, na kijiko cha maji ya mvua pembeni yake, mbali kidogo yasigusane. Acha juani mpaka yakauke kabisa. Mahali pa maji ya ziwa utakuta duara jeupe, zito zaidi kwenye ukingo, linalotoka kama unga ukilikwaruza kwa ukucha. Mahali pa mvua hapaachi kitu, au panaacha vumbi kidogo la paa. Unga ule mweupe ndio unaobaki kwenye udongo wako kila unapomwagilia. Mmea unakunywa maji, jua linakula maji, chumvi haina pa kwenda.

Kipimo cha pili ni cha asidi na magadi. Katakata ile kabichi nyekundu, uichemshe kwa maji ya chupa dakika chache, uchuje. Utapata maji ya zambarau. Tia kijiko kimoja kwenye nusu glasi ya kila aina ya maji unayotumia. Yakigeuka bluu au kijani, maji yana magadi. Yakienda waridi, yana asidi. Yakibaki zambarau, yako katikati. Angalizo: usichemshe kabichi kwa maji ya bomba, maana itakuwa imeshageuka bluu kabla hujaanza kupima.

3. Tupa maji ya kwanza ya mvua.
Paa linakusanya vumbi, kinyesi cha ndege na mabaki ya moshi wa volkano. Hesabu rahisi: mwaga lita 1 kwa kila mita moja ya mraba ya paa kabla ya kuanza kukinga. Paa la mita 6 kwa 5 ni lita 30, yaani bidoni moja na nusu. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi, ile ya Septemba inayoshuka na wekundu wa kutu na vumbi, tupa mara mbili ya hapo. Siku moshi umelala juu ya mtaa, au majivu yanaanguka, ondoa kabisa pipa chini ya mfereji.

Kama mabati yako ni mapya, jua pia kwamba mvua ya asidi huyeyusha zinki iliyopakwa juu yake. Hiyo ni sababu nyingine ya kuacha maji ya kwanza yapite.

Na kwa kuwa watu huuliza: kuchemsha hakuondoi florini. Maji yanapungua, florini inabaki. Kwa hiyo usichukulie kwamba maji ya paa yaliyochemshwa yako salama kwa watoto kunywa kila siku.

4. Acha maji ya klorini yakae usiku mmoja.
Mimina kwenye ndoo pana, wazi, mpaka asubuhi. Klorini nyingi itakuwa imetoka.

Hapa niseme ninavyoamini: klorini inasingiziwa mno. Kiasi kinachobaki kwenye maji ya kunywa hakiui mboga, na mtu ambaye bustani yake imekuwa njano kwa mwezi mzima hana sababu ya kuilaumu. Iogope pale tu bidoni imepewa dozi kubwa wakati wa kipindupindu na harufu inakupiga puani. Hata hapo, usiku mmoja au siku moja juani hutosha. Funika kwa wavu kama kuna watoto wadogo nyumbani, na usiache maji yakae wiki nzima, utafuga mbu.

5. Changanya.
Hii ndiyo hatua kuu. Kama lengo ni kuvunja asidi ya mvua tu, kikombe kimoja cha maji ya ziwa ndani ya bidoni ya mvua kinatosha. Magadi ya ziwa yana nguvu kuliko watu wanavyodhani. Kwa matumizi ya kawaida ya bustani, bidoni 1 ya ziwa kwa 3 za mvua ni mchanganyiko mzuri. Mvua ikiwa haba, nusu kwa nusu inakubalika.

Kumbuka kwamba mchanganyiko unaua asidi. Hauondoi florini.

Kuanzia Juni hadi Agosti pipa linakauka, na hapo lazima uchague nani apate nini. Mimea haivumilii chumvi sawasawa. Maharage, karoti, vitunguu na stroberi huteseka mapema, na maji ya ziwa matupu yanazidi kipimo chao. Nyanya na kabichi hustahimili, mradi udongo hautuamishi maji. Lengalenga tusiichanganye na hizo nyeti. Yenyewe, pamoja na bitiruti, ni watoto wasiodeka. Kwa hiyo mvua uliyoiweka akiba ipe miche yote na ile mimea minne nyeti. Ziwa lipe lengalenga, bitiruti na kabichi.

Ukipanga upya magunia mwezi wa Mei ukijua hilo, kiangazi hakitakusumbua sana. Maharage kwenye gunia lililo barazani, yakipewa maji ya robine tangu Juni, sijawahi kuyaona yakipendeza kwa mtu.

6. Mwagilia udongoni, asubuhi, kwa wingi.
Shusha kopo karibu na shina. Maji ya ziwa yakikaukia kwenye jani yanaacha madoa meupe, na jua la saa sita linamalizia kazi. Kuna sababu kubwa zaidi: maji ya ufukweni yanaweza kubeba vidudu vya kipindupindu, na mboga utazipeleka mezani. Maji ambayo hayajatiwa dawa yasiguse saladi, kotimiri wala chochote kinacholiwa kibichi. Siku za mwisho kabla ya kuvuna, tumia maji yaliyotibiwa tu.

Kuhusu kiasi: mwaga polepole mpaka uone maji yakitoka chini ya gunia au ndoo. Kosa ninaloliona kila mahali ni kunyunyiza kidogo kidogo, jioni, mpaka juu palowe. Maji hayo hayafiki kwenye mizizi, yanakauka kesho yake, na chumvi yote inabaki juu kabisa, palepale miche inapoota. Afadhali umwagilie mara moja kila baada ya siku mbili, kwa kushiba.

7. Osha udongo wa vyombo.
Shamba lililo wazi linaoshwa na mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Desemba, na mawe yetu ya volkano yanapitisha maji haraka. Vyombo vilivyo chini ya baraza haviguswi na mvua hata tone. Ndivyo vinavyojaa chumvi.

Mara moja kwa mwezi, chukua ndoo ya mmea ya lita 20, iweke juu ya mawe mawili ili ivuje vizuri, umimine maji ya mvua kama bidoni moja na nusu, polepole, kwa awamu. Maji ya kwanza kutoka chini yatakuwa ya rangi ya chai. Endelea mpaka yaanze kutoka safi, bila rangi. Siku inayofuata rudishia mboji, kwa sababu umeosha pia chakula cha mmea. Wakati wa masika kazi ni rahisi zaidi: toa vyombo nje ya baraza, mvua ifanye yenyewe, ila si siku ya moshi.

8. Maji ya kufulia: ndiyo, kwa masharti.
Siwakatazi watu, maji ni ghali na bidoni ni nzito. Tumia ya kusuuzia ya pili, siyo ya povu la kwanza. Chuja kwa kitambaa. Tumia siku ile ile. Yakilala yananuka na vidudu vinazaana. Mwaga chini ya migomba, maua na ua wa nyumba, ukibadilisha mahali kila mara. Yasiende kwenye miche wala mboga za majani. Maji yaliyofua nepi, au yaliyotiwa dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, yapeleke chooni.

Makosa yanayojirudia

*Majivu ya makala (mkaa).* Kila nyumba inayo, na kila mtu ameambiwa ni mbolea. Ni kweli yana potasiamu, lakini yana magadi makali pia. Ukimwagilia maji ya ziwa halafu ukatia majivu, unaongeza magadi juu ya magadi, na ziwa lenyewe limeshakupa potasiamu ya kutosha. Majivu ni ya yule anayemwagilia mvua peke yake: konzi moja kwa gunia, mara moja kwa msimu. Wengine wote yaacheni. Nikiulizwa ni kitu gani kimoja watu waache kesho asubuhi, ni hiki.

*Limau kwenye bidoni.* Kinadharia ni sahihi, asidi inavunja magadi. Lakini fanya hesabu: kumaliza magadi ya bidoni moja ya maji ya ziwa kunahitaji karibu theluthi moja ya lita ya maji ya limau. Limau moja ulilokamua ni ishara ya nia njema tu.

*Maganda ya mayai.* Yanaoza polepole mno kumsaidia mmea unaoumwa leo. Yasage kama unga, uyachanganye na mboji ya msimu ujao.

*Kubadilisha kila kitu kwa pamoja.* Mtu anabadilisha maji, anatia samadi, ananyunyiza dawa, yote Jumamosi moja. Mmea ukipona hajui kilichouponya. Anza na maji, subiri wiki mbili, uangalie majani mapya. Yale yaliyokwisha kuungua hayarudi kuwa kijani.

Shida na namna ya kuzitatua

*Majani machanga ya juu yana njano, mishipa imebaki kijani.* Hii ndiyo alama ya magadi. Chuma kimo udongoni lakini mizizi haiwezi kukichukua. Acha majivu, ongeza sehemu ya mvua, tia mboji.

*Majani ya zamani ya chini yana njano yote, hata mishipa.* Hapa maji hayana kosa. Mmea una njaa ya naitrojeni. Samadi iliyooza, au maji yaliyolowekwa mboji, yatasaidia.

*Ncha na kingo za majani zimekauka, rangi ya kahawia.* Tazama juu ya udongo. Ukiona ukoko mweupe, ni chumvi: rudi hatua ya 7. Kama hakuna ukoko na unatumia maji ya paa, shuku florini, hasa kwa gladioli, mayungiyungi na maua ya ndani yenye majani marefu membamba. Hayo yapunguzie maji ya paa.

*Vidoa vidogo vya kahawia au vyeupe juu ya majani, vimetokea ghafla mtaa mzima.* Uliza kama kulikuwa na manyunyu siku ya moshi. Manyunyu ni mabaya kuliko mvua kubwa, kwa sababu asidi inakaa kwenye jani bila kuoshwa. Suuza majani mapema kwa maji ya robine kupitia kopo la matundu. Hii ni mara moja ambayo nakuruhusu kulowesha majani. Mboga ulizotaka kuvuna zioshe mara mbili.

*Nyanya zina doa jeusi lililobonyea kitakoni.* Ni upungufu wa kalsiamu, na maji ya ziwa hayana ya kutosha. Lakini chanzo cha mara nyingi ni kumwagilia bila mpango: kavu siku tatu, mafuriko siku ya nne. Tengeneza ratiba kwanza, funika udongo kwa nyasi kavu usikauke, halafu ndipo ufikirie chokaa, kidogo sana, na kwa yule tu anayetumia mvua.

*Miche inalala, shina limenyong'onyea usawa wa udongo.* Ni ukungu wa unyevu mwingi. Punguza maji, punguza msongamano. Hakuna maji safi yatakayoponya miche iliyobanana.

*Maji hayapiti, yanasimama juu ya gunia.* Mara nyingi ni sodiamu ya sabuni iliyogandisha udongo. Acha maji ya kufulia, chokonoa kwa kijiti, changanya mboji na kokoto ndogo za volkano.

*Nimejaribu yote, bado sielewi.* Panda maharage kwenye makopo mawili yaliyotobolewa, udongo mmoja, mwanga mmoja. Moja limwagilie maji yako ya kila siku, la pili maji ya chupa. Linganisha majani ya kwanza halisi yakishafunguka. Likisumbuka la kwanza peke yake, kosa liko kwenye maji. Yakisumbuka yote mawili, muulize aliyekuuzia udongo ameuchimba wapi.